Asidi Amino Nururifu na Picha za Uvimbe: Namna Zitengenezwavyo na Maneno ya Kuzieleza

Jina la Michenzani halina fumbo. Mchenza ni mti uzaao machenza, wingi wake ni michenza, na silabi ya mwisho yaonyesha mahali. Lakini mtu asimamaye leo penye mzunguko wa barabara wa Michenzani, katika mji wa Unguja, haoni shamba la michenza. Aonacho ni majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambayo mpango wake wa awali ulichorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, pamoja na mnara wa ukumbusho wa miaka 50 ya Mapinduzi hayo. Kitu kimeondoka na jina limebaki. Wanafunzi wa lugha wamezoea mambo ya namna hii, wala hayawashangazi. Jambo litakaloelezwa hapa limekwenda kinyume: kitu kimekuwapo kwa zaidi ya miaka 60, chatumika katika hospitali kubwa za dunia, na katika Kiswahili jina lake bado halijatulia. Kitu chenyewe ni asidi amino iliyofanywa nururifu ili ipate kuuonyesha uvimbe wa saratani ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Ichukuliwe mfano wa mkaazi wa majumba ya Michenzani aliyeanza kuumwa na kichwa na kupatwa na kifafa ukubwani. Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali; na hapo, tangu mwaka wa 2014, pana taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyoanzishwa kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Hispania. Mgonjwa apasuliwa, uvimbe waondolewa kwa kadiri iwezekanavyo, kisha avuka bahari kwenda Dar es Salaam kupata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo majengo yake ya kwanza yalikuwa hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka wa 1897, na ambayo sheria ya Bunge iliifanya kuwa taasisi kamili mwaka wa 1996. Arudi nyumbani. Baada ya miezi kadhaa apigwa picha tena, na pale palipopasuliwa paonekana doa jeupe.

Doa hilo laweza kuwa saratani iliyorejea. Laweza pia kuwa kovu, yaani nyama ya ubongo iliyokufa kwa ukali wa ile mionzi ya tiba. Picha za tomografia na za sumaku hazitoi hukumu kwa urahisi, kwa kuwa dawa ya kung'arisha itiwayo mshipani hupenya popote ambapo ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo umeharibika, na ukuta huo huharibiwa na saratani kama unavyoharibiwa na mionzi. Mwenye saratani iliyorejea ahitaji kupasuliwa tena au kupewa tiba nyingine. Mwenye kovu akipasuliwa amepata hasara bure. Hapo ndipo asidi amino nururifu zinapoingia, kwa kuwa swali ziulizalo si la ukuta bali ni la seli zenyewe: je, zingali hai, na zingali zikila kwa pupa?

Asili ya elimu hii ni fikira ya George de Hevesy, mwanakemia wa Hungaria, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza alijitahidi kuitenga risasi nururifu na risasi ya kawaida, asiweze. Badala ya kukata tamaa akaugeuza ushinde wake kuwa chombo: ikiwa vitu hivi viwili havitengeki kwa kemia, basi mtu akichanganya kidogo kilicho nururifu na kingi kisicho nururifu, vitakwenda pamoja popote viendapo, na kile kidogo kitatangaza habari za vyote. Kazi hiyo aliitoa pamoja na Friedrich Paneth mwaka wa 1913. Husimuliwa pia ya kuwa alipokuwa Manchester, akila katika nyumba ya kupanga, alimshuku mwenye nyumba kwamba nyama ya Jumapili hurudishwa mezani siku za baadaye kwa sura nyingine. Akatia dutu nururifu kidogo sana katika mabaki ya sahani yake, na baada ya siku chache akaja mezani na kipimo chake; kiporo kikajisema chenyewe.

Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Seli ya saratani hugawanyika haraka, nayo huhitaji asidi amino nyingi kuliko jirani zake. Jambo hili halina ugumu. Penye ugumu ni mlangoni. Asidi amino hizi hazipenyi zenyewe katika utando wa seli kwa wingi utakiwao. Huchukuliwa na protini maalumu zilizopachikwa katika utando huo, ambazo kazi yake yafanana na ya mahamali wa bandarini Malindi. (Hamali huyu ni yule wa Kiarabu mwenye maana ya mchukuzi, asichanganywe na Hamali wa buruji, ambaye ni mwanakondoo.) Mmoja katika mahamali hao, aitwaye LAT1, alitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka wa 1998. Huchukua asidi amino kubwa kama leusini, methionini na tairosini, wala hafanyi safari ya mikono mitupu: kila aingizapo moja, hutoa nyingine. Katika aina nyingi za saratani mahamali hawa ni wengi kuliko kawaida. Tena wamo pia katika kuta za mishipa ya damu ya ubongo, hata asidi amino ikaweza kuuvuka ukuta ambao dawa ya kung'arisha haiuvuki ukiwa mzima.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa ya kuwa picha ya asidi amino ni picha ya kasi ya kujengwa kwa protini. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, lakini ilibidi ibadilishwe. Ilipoonekana ya kuwa hata asidi amino zisizoingia kabisa katika protini hujaa ndani ya uvimbe, ilidhihirika kwamba kamera huhesabu shughuli za mlangoni zaidi ya kazi za ndani ya nyumba. Badiliko hili la fikira liliwafungulia wanakemia njia. Iwapo mzigo hautakiwi kufika jikoni, ila kuchukuliwa na hamali tu, basi yatosha umbo lake limridhishe hamali; na hamali, kama itakavyoonekana, si mkali sana wa kukagua.

Huenda ikaulizwa kwa nini isitumike sukari, kwa kuwa dutu itumikayo zaidi katika picha za PET ni sukari yenye florini-18, iitwayo FDG, ambayo watu wa kwanza walipigwa picha kwayo huko Philadelphia mwaka wa 1976. Kwa saratani ya mapafu au ya mitoki ni dutu bora. Ubongo ndio uiharibiao kazi. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za nishati yake, na chakula chake kikuu ni sukari; kwa hiyo katika picha ubongo wote hung'aa. Kutafuta uvimbe humo ni sawa na kutafuta kibatari kimoja Forodhani wakati wa usiku, hali wauza samaki wote wamewasha taa zao. Aidha, sukari huliwa kwa wingi na seli za kinga zilizokusanyika penye maradhi, na katika nchi zenye kifua kikuu jambo hilo limewapotosha wasomaji wa picha mara nyingi. Asidi amino, kwa upande wake, hazitumiwi sana na ubongo mzima, basi penye uvimbe huonekana kwa uwazi juu ya giza.

Asidi amino ya kwanza kupata sifa katika kazi ya picha haikuwa na kaboni nururifu. Ni selenomethionini, ambayo Monte Blau na wenziwe wa Buffalo, Marekani, waliieleza mwaka wa 1961. Methionini ya kawaida ina atomu moja ya salfa. Seleni hukaa chini ya salfa katika safu moja ya jedwali la elementi, na tabia zake zafanana nayo hata mwili hauoni tofauti kubwa. Ikitolewa salfa na kutiwa seleni-75 mahali pake, hupatikana asidi amino itoayo miale ya gama. Kiungo kilichokusudiwa kilikuwa kongosho, ambalo hutengeneza vimeng'enya vingi vya kusagia chakula, nalo kwa hiyo hunyonya asidi amino nyingi; uvimbe ulionekana kama pengo la giza ndani ya kiungo kilichong'aa. Aibu ya dutu hiyo ilikuwa moja: seleni-75 huchukua siku 120 hivi kupungua nusu, na mgonjwa hakuwa na njia ila kukaa nayo. Tomografia na mawimbi ya sauti yalipokuja, selenomethionini iliwekwa kando, wala haikuliliwa sana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kaboni-11. Hupatikana kwa kuipiga naitrojeni kwa protoni ndani ya mtambo wa saiklotroni. Kaboni hiyo hugeuzwa upesi kuwa iodidi ya methili, na methili yake hushikizwa kwenye salfa ya dutu iliyotayarishwa, ikawa methionini kamili. Katika miaka ya 1970 kazi hii ilifanywa Orsay, Ufaransa, na Uppsala, Uswidi, na kutoka Uswidi zikatoka katika miaka ya 1980 picha nyingi za uvimbe wa ubongo. Kaboni-11 hutoa positroni, iliyo pacha wa elektroni kwa uzito na kinyume chake kwa chaji. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na mahali pake hutoka miale miwili ya gama yenye nishati ya elektrovolti 511,000 kila mmoja, ikienda pande zilizopingana. Duara la vipokezi limzungukalo mgonjwa hunasa miale hiyo miwili kwa wakati mmoja, na mashine hujua ya kuwa chanzo chake ki mahali fulani juu ya mstari uunganishao vipokezi hivyo. Mistari ikiwa mamilioni, picha hujichora.

Hapa pana nukta iwahusuyo wanalugha kuliko wanakemia. Waandishi wa Kiswahili wanaojaribu kuieleza kazi hii husema asidi amino "imetiwa alama", na wengine husema "imepigwa chapa". Neno chapa humfanya msomaji aone gunia la karafuu lililopigwa muhuri kwa nje: gunia ni kitu kimoja, muhuri ni kitu kingine. Methionini yenye kaboni-11 haiko hivyo. Alama yake ni mojawapo ya karafuu zilizo ndani ya gunia. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Atomu moja ya kaboni imeshika nafasi ya kaboni nyingine, na mwili hauwezi kutambua mabadiliko yoyote. Tairosini yenye florini-18, itakayoelezwa punde, ni habari nyingine, kwa kuwa asidi amino zijengazo protini hazina florini hata kidogo, na yeyote atakaye kuitia hana budi kulibadili umbo. Hiyo ndiyo chapa hasa. Kwa hiyo yafaa yatengwe mambo mawili: alama ya asili, pale ambapo elementi ni ile ile, na alama ya kupachikwa, pale ambapo elementi ngeni imeongezwa. Tofauti hii si pambo la istilahi. Dutu yenye alama ya asili haina haja ya kuthibitishwa ya kuwa mwili utaipokea kama ile ya kawaida. Dutu yenye alama ya kupachikwa lazima ithibitishwe upya kwa kila umbo, na hiyo huchukua miaka ya kazi.

Kama alama ya asili ni bora hivyo, kwa nini watu waliiacha? Jibu ni saa. Kaboni-11 hupungua nusu kwa kila dakika 20. Chombo cha haraka kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi huchukua karibu saa 2. Lau methionini ya kaboni-11 ingepakiwa Dar es Salaam, ingefika Unguja ikiwa imebaki sehemu 1 tu katika 60 hivi. Florini-18 hupungua nusu kwa kila dakika 110. Hiyo ingefika karibu nusu yake, na mgonjwa wa Mnazi Mmoja angeweza kupigwa picha. Ndiyo maana kaboni-11 haifai ila mahali penye saiklotroni katika uwanja ule ule wa hospitali, hali florini-18 huweza kutengenezwa katika mji mmoja na kutumika katika mji mwingine.

Muda huu wa kupungua nusu umeitwa nusu-maisha, na pengine nusu-uhai. Majina haya yametafsiri neno wala hayakutafsiri maana. Asikiaye nusu-maisha hudhani ya kuwa baada ya nusu mbili maisha yamekwisha. Sivyo: katika kila kipindi hupungua nusu ya kile kilichobaki, si nusu ya kile kilichoanza, na ikibaki robo hupungua nusu ya robo. Maneno mepesi ya "muda wa kupungua nusu" ni marefu zaidi, lakini hayamdanganyi mtu.

Asidi amino yenye florini iliyoenea kuliko zote katika uchunguzi wa ubongo ni ile iitwayo kwa kifupi FET. Ni tairosini ambayo kwenye oksijeni yake ya pembeni umeongezwa mkia wa kaboni mbili, na mwishoni mwa mkia huo imepachikwa florini-18. Hans-Jürgen Wester na wenziwe wa Munich waliieleza mwaka wa 1999. Njia yao ya kwanza ilikuwa ya hatua mbili: kwanza mkia hutiwa florini, kisha mkia hushikizwa kwenye tairosini. Mwaka wa 2002 Hamacher na Coenen wa Jülich, Ujerumani vilevile, walitoa njia fupi zaidi, na kwa njia hiyo kazi iliweza kufanywa kila siku bila taabu kubwa.

Yastahili kuifuata njia hiyo kwa utaratibu. Kazi huanza kwa maji, lakini si maji ya kawaida: oksijeni yake ni oksijeni-18, ambayo katika maji ya bahari au ya kisima hupatikana kwa uchache sana. Maji hayo hupigwa kwa protoni, na kila oksijeni iliyolengwa sawasawa hugeuka kuwa florini-18. Sasa florini imo majini, na humo haifai kitu. Molekuli za maji huizunguka kama jamaa wamzungukavyo bwana arusi, isipate nafasi ya kumkaribia mtu mwingine. Hapana budi maji yakaushwe yote, na florini ipewe mwenzi wa kuibeba katika kimiminiko kisicho maji. Upande wa pili imetayarishwa tairosini yenye mkia, na mwishoni mwa mkia pamewekwa kundi la atomu lililo tayari kuondoka likibishiwa hodi. Lakini asidi amino ina sehemu mbili zenye pupa, ule upande wa amino na ule upande wa asidi, nazo zingeiharibu kazi kabla haijaanza. Basi sehemu hizo hufunikwa kwanza kwa vikundi vya ulinzi, mithili ya chakula kilichofunikwa kawa, visipate kuguswa. Florini huja, lile kundi la mkiani huondoka, florini hushika mahali pake. Kisha kawa hufunuliwa kwa asidi, na FET hubaki. Huchujwa, hutengwa na uchafu, hupimwa usafi wake, hupimwa uchachu wake, huhakikishwa ya kuwa haina vijidudu. Na wakati wote huo saa yaenda. Mwanakemia wa fani hii huhesabu mazao yake mara mbili, kwa kemia na kwa saa, na aghalabu saa ndiyo imfilisiyo.

Liko jambo jingine asiloweza kulipuuza. Asidi amino zote 20 isipokuwa glisini zina maumbo mawili yafananayo kama makubadhi ya kulia na ya kushoto. Atomu ni zile zile, idadi ni ile ile, lakini mguu hauingii katika kiatu cha upande wa pili. Mwili hujenga protini kwa umbo la kushoto, lipewalo herufi L, na hamali wa LAT1 hulipendelea hilo. Ukali wa asidi na joto la kutengenezea huweza kuligeuza umbo moja kuwa jingine bila ya ishara yoyote ya nje, na kwa hiyo kipimo cha umbo ni sehemu ya ukaguzi, si jambo la hiari.

FET haiingii katika protini. Huchukuliwa na hamali, hukaa ndani ya seli za uvimbe, na ile isiyochukuliwa hutolewa na figo. Picha aghalabu husomwa kati ya dakika 20 na 40 baada ya sindano. Msomaji hulinganisha mng'ao wa uvimbe na mng'ao wa ubongo mzima wa upande wa pili. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2005, ambamo nyama iliyokatwa ililinganishwa na picha, mng'ao wa mara 1.6 ndio uliofaa kuwa mpaka wa uvimbe. Hutazamwa pia mwenendo wa mng'ao kwa wakati. Uvimbe mkali mara nyingi hujaa mapema kisha hushuka; ule wa polepole hupanda taratibu. Katika kovu la mionzi mng'ao aghalabu ni hafifu. Mwaka wa 2016 kundi la kimataifa la wataalamu wa uvimbe wa ubongo, RANO, lilipendekeza picha za asidi amino zitumike pamoja na picha za sumaku.

Pamoja na hayo, haifai kusema ya kuwa dutu hii haikosei. Baadhi ya uvimbe wa daraja la chini hauonekani kabisa katika picha ya FET, wala kutoonekana si dalili ya kuwa haupo. Majipu ya ubongo huweza kung'aa. Degedege refu la muda si mrefu kabla ya picha huweza kung'arisha ubongo usio na saratani. Daktari asiyeyajua haya atapotoshwa na picha nzuri kwa urahisi kuliko na picha mbaya.

Nje ya ubongo, asidi amino nyingine zimepata kazi zao. Fluciclovine, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, na Mark Goodman na Timothy Shoup, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa kutafuta saratani ya tezi dume iliyorejea. Umbo lake ni la ajabu, duara la kaboni nne, nalo halipatikani katika protini yoyote, ila mahamali hulichukua. Iko pia DOPA yenye florini-18, itumikayo kwa maradhi ya Parkinson na kwa aina fulani za uvimbe wa tezi.

Afrika ya Mashariki imo njiani. Nairobi ilipata saiklotroni ya hospitali na mashine ya PET mwishoni mwa miaka ya 2010 katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Ocean Road hutumia kamera ya gama na teknesiamu, itokayo katika kinu kidogo kisichohitaji saiklotroni. Na katika miaka ya 2020 serikali ya Tanzania iligharamia mradi wa saiklotroni na PET hapo hapo. Kazi ya kawaida ya mitambo ya namna hii ni kutengeneza ile sukari, FDG. Lakini florini-18 itokayo ni ile ile, na tofauti kati ya sukari na FET ni chupa ya dutu ya kuanzia pamoja na mtu ajuaye kuifuata njia.

Mtu huyo atalazimika pia kusema na mgonjwa, na hapo maneno humtatiza. Kamusi za sayansi zilizotungwa Dar es Salaam zimetoa mnururisho na -nururifu kutokana na nuru. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania husema mionzi. Haya yameshindanishwa bila sababu. Mionzi ni kile kirukacho kutoka katika atomu; -nururifu ni sifa ya atomu yenyewe; yote mawili yahitajiwa. Shida ya kweli iko mtaani, ambapo "kupigwa mionzi" ni tiba, tena tiba inayoogopwa. Mgonjwa aliyekwisha kupigwa mionzi mara 30, akiambiwa sasa atadungwa sindano yenye mionzi, huelewa ya kuwa anarudishwa katika tiba, na hudhani daktari amekwisha kuamua ya kuwa ugonjwa umerejea. Daktari hakuamua lolote, anauliza. Kwa mgonjwa huyo maneno "dutu nururifu ya picha" yana faida ya kutobeba hofu iliyokwisha kukaa katika neno jingine.

Uvimbe nao ni neno lenye kasoro. Latokana na kuvimba, na kilichovimba huweza kukandwa, kuchuliwa na kunywea. Tena jipu ni uvimbe, na jino bovu huleta uvimbe. Ndani ya fuvu hakuna kinachoonekana kuvimba. Saratani ni neno la kale na lenye picha bora zaidi. Wagiriki waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, Waarabu nao wakauita saratani, ambaye ni kaa vilevile, na wanafalaki wa pwani wamjua kaa huyo katika buruji. Aliyempa jina aliona mishipa iliyotapakaa pande zote kama miguu. Picha za FET zimeonyesha mara nyingi ya kuwa uvimbe wa ubongo hutambaa nje ya mpaka uonekanao katika picha ya sumaku, miguu ikiwa imetangulia mwili. Neno kivimbe, lipendwalo na baadhi ya wafasiri kwa udogo wake, laficha jambo hilo hasa ambalo mpasuaji ataka kulijua kabla hajashika kisu.

Suala jingine ambalo mgonjwa huuliza ni kama dutu hiyo itabaki mwilini. Uzito wa FET idungwayo ni mdogo hata hauwezi kuathiri kazi ya kiungo chochote, na sehemu yake hutoka kwa mkojo. Sehemu iliyosalia hupungua nusu, na nusu ya nusu, kila dakika 110. Mgonjwa aliyedungwa saa nne za asubuhi, kufikia saa nne za asubuhi ya pili hana hata sehemu 1 katika 8,000 ya unururifu aliopewa, na kila atomu ya florini-18 iliyokwisha kutoa positroni yake imerudi kuwa oksijeni-18, kama ilivyokuwa katika maji ya mwanzo.